Kazi ya Sera ya Maji na Utetezi wa Vijana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kutoka kwa vijana wanaotaka kuishi kwa kazi hii, si kuipitia tu kwa mwaka mmoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Mengine ni ya mistari miwili, kwa kuwa hayahitaji zaidi.

Kazi ya sera ya maji ni kazi gani hasa?

Ni kuamua, au kuwasaidia wenye mamlaka kuamua, nani apate maji, kiasi gani, ya ubora gani, kwa gharama ya nani, na nani aulizwe yakikosekana. Mhandisi hujenga bomba. Mtu wa sera huuliza kwa nini bomba limeelekezwa huku na si kule, nani atalitengeneza likipasuka miaka kumi baadaye, na kama ada za watumiaji zinatosha kulihudumia. Siku yake ya kawaida huisha kwenye rasimu ya kanuni, ripoti ya mkaguzi, jedwali la bajeti na kumbukumbu za kikao kilichopita. Anayeitamani kwa ajili ya kushika kipaza sauti atachoka mapema.

Jambo jingine: wengi huingia wakidhani maji ni yale ya bombani nyumbani. Takriban asilimia 70 ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yanayochukuliwa na binadamu duniani huenda kwenye kilimo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sera ya maji huamuliwa katika ofisi ambazo kibao cha mlangoni hakitaji maji kabisa: umwagiliaji, nishati, ardhi, mipango miji, fedha. Kijana anayeelewa vibali vya kutumia maji na jinsi wakulima wanavyogawana zamu za mfereji ni adimu kuliko anayejua kuhamasisha watu kunawa mikono, na waajiri wanalijua hilo.

Lazima niwe mhandisi?

Hapana. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alisomea sayansi ya siasa. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1965 ilihusu maji ya chini ya ardhi kusini mwa California, ambako visima vilikuwa vinavutwa kupita kiasi hadi maji ya bahari yakaanza kupenya ardhini. Alichofuatilia ni jinsi watumiaji walivyokaa, wakabishana, wakaenda mahakamani, kisha wakawekeana mipaka ya kuchota. Hilo ni swali la sera kuanzia mwanzo hadi mwisho, na lilimjengea jina lake lote.

Ila usitumie jibu hili kama kisingizio cha kukimbia namba. Huna haja ya kukokotoa kipenyo cha bomba, lakini ukikaa na mhandisi ujue mita ya ujazo ni lita 1,000, ujue tofauti ya mtiririko na akiba, na uelewe maana ya mamlaka ya maji kusema inapoteza theluthi ya maji inayozalisha. Usipoelewa, utakubali kila unachoambiwa.

Nisomee nini basi?

Sheria, uchumi, jiografia, sayansi ya mazingira, afya ya jamii, utawala wa umma, takwimu. Yoyote kati ya hizo, mradi utafiti wako wa mwisho uwe juu ya maji. Mada ya utafiti wa shahada ya kwanza hubeba uzito kuliko jina la shahada, maana ndiyo utakayozungumzia kwenye usaili wa kwanza.

Kwa shahada ya uzamili kuna vyuo vilivyobobea. IHE Delft ya Uholanzi imekuwa ikifundisha wataalamu wa maji kutoka nchi zinazoendelea tangu mwaka 1957. Ushauri wangu ni kufanya kazi kwanza hata miaka miwili, ndipo uombe ufadhili. Anayekwenda na swali alilolitoa kazini huandika ombi lenye nguvu, na hurudi na jibu linalomfaa mtu.

Sina uzoefu wowote. Nianzie wapi?

Anza na suala moja dogo, ulijue kuliko mtu yeyote wa umri wako. Hapa ndipo kazi nyingi hujengwa au hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

"Uhaba wa maji" si suala, ni anga zima. Suala ni hili: pampu za mkono zinazozinduliwa kwa vigelegele na kusimama muda mfupi baadaye. Chukua pampu moja iliyosimama. Fundi akiifungua unakuta kilichoisha ni kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Kuchimba kisima kulilipiwa na mfadhili. Matengenezo yaliachiwa kamati ya watumiaji. Kamati haina akaunti benki, haijui kipuri kinauzwa wapi, na mwenyekiti wake alishahama. Sasa uliza: kwa mujibu wa kanuni, mali hii ni ya nani? Nani anawajibika pale kamati inaposhindwa? Je, kwenye bajeti ya mamlaka husika kuna kifungu cha matengenezo, au fungu lote limeandikwa ujenzi? Umeshaingia kwenye sera bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kisha tafuta bajeti yenyewe. Kwa karibu kila mradi kuna namba tatu za kutafuta: fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa na zilizotumika. Vijana wengi hunukuu ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayotangazwa. Habari iko kwenye pengo la namba ya kwanza na ya pili, na pengine kwenye ile ya pili na ya tatu. Kama fedha hazikutolewa, mlango wa kubisha ni hazina, na kumlaumu meneja wa maji ni kumpigia kelele mtu asiye na ufunguo. Kama zilitolewa zikabaki bila kutumika, huenda tatizo ni zabuni zilizochelewa au upungufu wa watumishi. Kila pengo lina mwenyewe, na utetezi mzuri huanza kwa kumjua mwenyewe.

Zungumza na fundi, mhasibu, mweka kumbukumbu wa kikao na mama anayefungua kioski cha maji alfajiri. Andika tarehe na kiasi. Baada ya mwaka mmoja wa namna hii utakuwa na kitu ambacho wengi wenye wasifu mrefu hawana: maelezo kamili ya jambo moja, kuanzia kwenye kipuri hadi kwenye kifungu cha sheria.

Ni nyaraka zipi nisome kwanza?

Nyumbani, soma sheria ya maji ya nchi yako na kanuni zake. Kanuni hasa, maana sheria hutoa ahadi na kanuni ndizo zinazosema nani afanye nini ndani ya siku ngapi.

Kimataifa, chache zinatosha kuanzia. Azimio 64/292 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la tarehe 28 Julai 2010, lilitambua maji salama na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 ziliunga mkono, 41 zilijizuia, na hakuna iliyopinga. Kabla yake kulikuwa na Maoni ya Jumla Namba 15 ya mwaka 2002, yaliyotolewa na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni. Hayo ndiyo yanayoeleza haki hiyo kwa undani: maji ya kutosha, salama, yanayofikika na yenye gharama inayobebeka. Ongeza Lengo la 6 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, linalohusu maji na usafi wa mazingira, pamoja na viashiria vyake.

Halafu zisome takwimu za programu ya pamoja ya WHO na UNICEF inayofuatilia huduma za maji na usafi, ukianza na ufafanuzi wa maneno kabla ya namba. Huduma inayoitwa "ya msingi" ni chanzo kilichoboreshwa, yaani kilichojengwa kwa namna ya kuyakinga maji na uchafu, ambacho kwenda, foleni na kurudi havizidi dakika 30. Huduma "inayosimamiwa kwa usalama" lazima iwe pale mtu anapoishi, ipatikane inapohitajika, na isiwe na uchafuzi. Ripoti yao ya mwaka 2025 ilihesabu watu bilioni 2.1 wasio na hiyo ya pili. Afisa anaweza kutangaza kiwango cha juu kabisa kwa kutumia kipimo cha kwanza na asiwe amesema uongo. Kazi yako ni kuuliza, kwa upole, ametumia kipimo kipi.

Anayevutiwa na mito inayovuka mipaka asome pia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu matumizi ya mito ya kimataifa yasiyo ya usafiri wa majini. Ulipitishwa 1997, ukaanza kutumika Agosti 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 17 ulipopata nguvu ya kisheria. Ukiona mwendo huo unakuumiza roho, ngazi ya chini ina matokeo ya haraka zaidi.

Utetezi wa vijana una uzito, au tunaitwa kupamba picha?

Yote mawili hutokea, mara nyingine katika mkutano uleule.

Autumn Peltier wa jamii ya Anishinabek nchini Kanada alihutubia Umoja wa Mataifa Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa kamishna mkuu wa maji wa jumuiya yake, cheo alichokuwa nacho kabla yake shangazi wa ukoo wake, Josephine Mandamin. Sauti ile haikuotea jukwaani. Ilikuwa na jamii nyuma yake, na madai ya wazi kuhusu maji yasiyonyweka katika maeneo ya watu wa asili.

Mfano unaonifundisha zaidi ni mji wa Flint, Michigan, nchini Marekani. Aprili 2014 mji ulibadili chanzo cha maji na kuhamia mtoni bila kuweka kemikali ya kuzuia kutu, na madini ya risasi yakaanza kutoka kwenye mabomba. Wakazi walilalamika, wakaambiwa maji ni salama. Kilichobadili mambo ni ushahidi: wakazi walikusanya mamia ya sampuli kutoka kwenye mabomba yao wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, na daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaonyesha kiwango cha risasi kwenye damu ya watoto kilivyopanda. Oktoba 2015 mji ulirudishwa kwenye chanzo cha zamani. Mwaka 2016 msichana wa miaka 8, Mari Copeny, alimwandikia barua Rais Obama, naye akaenda Flint mwezi Mei.

Angalia mpangilio. Sampuli na vipimo vya damu vilirudisha chanzo cha maji, na barua ya mtoto ilisaidia kuifanya nchi iendelee kutazama. Kila moja ina kazi yake. Vijana tunahimizwa sana kuandika barua na kwa nadra kufundishwa kuchukua sampuli.

Ukialikwa mahali, uliza maswali matatu kabla ya kukubali: rasimu ya maazimio iko wapi, nitaisoma lini, na nani atapokea mapendekezo yangu? Kama hakuna anayejua, umeitwa kwa ajili ya picha. Unaweza kwenda bado, lakini nenda ukiwa na orodha ya watu wawili unaotaka kuonana nao kwenye korido.

Mikutano ya kimataifa ina faida gani kwa anayeanza?

Chini ya inavyodhaniwa mwaka wa kwanza, na zaidi ya inavyodhaniwa mwaka wa tano.

Ijue ramani. Wiki ya Maji ya Dunia hufanyika Stockholm kila Agosti na imekuwepo tangu 1991. Jukwaa la Maji Duniani huja kila baada ya miaka mitatu. La kwanza lilikuwa Marrakech 1997, na yaliyopita karibuni ni ya Dakar 2022 na Bali 2024. Machi 2023 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano wa maji New York, wa kwanza wa uzito huo tangu Mar del Plata mwaka 1977. Zilitolewa ahadi takriban 700, na zote ni za hiari. Hakuna chombo chenye meno cha kumbana aliyeahidi. Hapo kijana ana kazi nzuri ambayo haihitaji pasipoti: chagua ahadi moja ya nchi yako au ya taasisi inayofanya kazi nchini mwako, kisha kila baada ya miezi sita andika imefika wapi. Wachache wanaifanya. Ndiyo maana anayeifanya hutafutwa.

Kwa walio shuleni, kuna tuzo ya vijana ya maji ya Stockholm, inayowashindanisha wenye umri wa miaka 15 hadi 20 kwa miradi ya utafiti. Pia kuna mitandao kama Bunge la Vijana la Dunia kuhusu Maji, ambayo hupata nafasi ya kusema kwenye mikutano mikubwa. Jiunge na mmoja, usijiunge na sita.

Nikipewa dakika mbili za kusema, niseme nini?

Omba jambo moja linaloweza kunakiliwa. Waandishi wa maazimio hufanya kazi usiku wakiwa wamechoka, na huchukua sentensi iliyo tayari. "Tunaiomba serikali iwekeze zaidi katika maji" haina pa kuwekwa. Jaribu hii: "Kila mradi mpya wa maji utenge fedha za matengenezo ya miaka mitano ya mwanzo, na mamlaka ichapishe kila mwaka orodha ya vituo visivyofanya kazi." Hapo kuna nani, nini na lini. Usimalize muda kwa kuwashukuru waandaaji. Wameshashukuriwa na wageni rasmi.

Muhtasari wa sera nao ni hivyohivyo: kurasa mbili, ombi kwenye aya ya kwanza, ushahidi unafuata, gharama inatajwa. Wengi hukwepa gharama. Afisa wa fedha akikuta hakuna gharama, anaiweka karatasi pembeni.

Naweza kuwa mtetezi huku nimeajiriwa serikalini au kwenye mamlaka ya maji?

Ndiyo, ila utabadili sauti. Ndani ya ofisi, utetezi ni kuhakikisha takwimu mbaya inaingia kwenye ripoti badala ya kuachwa, na kwamba wadau wanapata rasimu mapema kiasi cha kuisoma. Zifuate taratibu za utumishi kuhusu kuzungumza na vyombo vya habari. Wapo wanaowadharau waliovuka upande huo, wakiwaita walionunuliwa. Mimi naona tofauti: sekta yenye wanaharakati watupu nje na makarani watupu ndani haiendi popote, na mtu aliyewahi kukaa pande zote mbili ana thamani kubwa.

Nijitolee mpaka lini bila malipo?

Mpaka utakapokuwa umejifunza ulichokwenda kujifunza, na muda huo uandikwe tangu mwanzo. Ikiwa kazi yako inaingia kwenye ripoti ya mfadhili, mtu analipwa kwa ajili yake, na ni haki yako kuuliza ni nani. Omba angalau nauli, barua inayotaja ulichofanya, na jina lako kwenye andiko ulilosaidia kuandika. La mwisho ndilo hukumbukwa kwa nadra, na ndilo litakalokufaa zaidi.

Ajira zenyewe zipo kwa wadhibiti wa huduma, ofisi za mabonde ya mito, mamlaka za maji, wizara, mashirika ya kiraia, vyuo, benki za maendeleo na kampuni za ushauri. Nafasi nyingi za kuingilia haziitwi "afisa sera". Tafuta afisa ufuatiliaji na tathmini, msaidizi wa utafiti, mratibu wa mradi, mchambuzi wa takwimu.

Tuanzishe shirika letu?

Pengine bado. Usajili huleta ripoti za mwaka, ukaguzi wa hesabu na ugomvi wa vyeo kabla hata kazi haijaonekana. Kikundi cha watu watano chenye daftari moja la takwimu kinaweza kufanya kazi chini ya shirika lililopo. Sajilini siku mtakayokosa fedha au nafasi ya kusema kwa sababu tu hamjasajiliwa.

Nikizidi umri wa kijana itakuwaje?

Kwanza ujue umri wenyewe haufanani. Kwa takwimu, Umoja wa Mataifa huhesabu miaka 15 hadi 24. Azimio 2250 la Baraza la Usalama, la Desemba 2015, linataja 18 hadi 29. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unafika 35. Soma sharti la kila nafasi kabla ya kuandika ombi.

La pili ni gumu zaidi. Ukijulikana kama "kijana wa maji" tu, siku ya kuzaliwa moja itakuondolea kazi. Ukijulikana kama mtu anayeelewa ada za maji, au maji ya chini ya ardhi, au majitaka ya miji inayokua, umri hauna la kukufanya. Anza kuhamisha jina lako kutoka kwenye umri kwenda kwenye utaalamu mapema, ukiwa bado unaalikwa. Viti vya vijana ulivyokalia, mwachie mwingine huku ukiwa ungali unaweza kumfundisha: mpe mafaili, mpe namba za simu za maafisa wanaojibu, na kaeni kikao kimoja pamoja, yeye akisema na wewe ukiandika.